Mzio, Mchochota na Kifua cha Singa: Maneno ya Maradhi ya Vumbi la Mkonge

Mashamba ya mkonge ya Korogwe yameipatia lugha yetu maneno mengi kuliko yanavyosifiwa. Manamba walipata jina lao kutokana na namba walizopewa walipoandikishwa. Silabu lilitokana na kifupisho cha jina la Kiingereza la ofisi ya waajiri wa mkonge, iliyoanzishwa mwaka 1944 ili kuwakusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali. Korona ilikuwa mashine ya Kijerumani ya kukwangua majani, kisha jina likaenea hata kiwanda kizima kikaitwa hivyo. Watu wa huko walilizoea kama neno la kazi miaka mingi kabla halijawa neno la maradhi mwaka 2020. Hapakuwa na kamati iliyoketi kuyasanifu maneno hayo. Waliyaunda watu waliokuwa wakiyahitaji.

Ajabu ni kwamba watu hao hao hawakuachiwa jina sahihi la maradhi yaliyotokana na kazi yao. Makala haya yanakusudia kueleza sababu, na kupima maneno tuliyo nayo.

Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 ndiyo iliyonusurika safarini, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata. Baadaye mkonge ulienea hata Kabuku, upande wa Handeni. Katika korona jani hukwanguliwa likiwa bichi, na maji ni mengi, hivyo vumbi ni haba. Singa huanikwa juani, zikakauka, kisha hupelekwa kwenye brashi, mashine inayozisugua na kuzing'arisha kabla ya kufungwa marobota. Hapo kwenye brashi ndipo vumbi linapofuka, na mfanyakazi hulivuta saa zote za zamu yake.

Wataalamu wa Ulaya walikuwa na jina tayari. Mwaka 1877 tabibu Mfaransa Adrien Proust aliyaita maradhi ya wafanyakazi wa vumbi la nyuzi kwa neno lililotokana na jina la kale la Kiyunani la kitani laini. Nasi twaweza kuandika bisinosisi. Dalili yake mashuhuri ni kifua kubana katika siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha kupungua kadiri siku zinavyosonga. Mwaka 1978 jarida la Uingereza la tiba ya kazini lilichapisha uchunguzi wa maradhi hayo miongoni mwa wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania.

Hapa yafaa msomaji asimame kidogo. Utambuzi wa bisinosisi hutegemea sana swali moja: je, kifua hubana siku ya kwanza ya juma? Mzungu anapouliza hivyo ana maana ya Jumatatu. Lakini Kiswahili huhesabu siku kuanzia Jumamosi, na Jumatatu, kama jina lake linavyosema, ni siku ya tatu. Mzee wa Handeni akiulizwa habari za siku ya kwanza ya juma, ana haki ya kuifikiria Jumamosi, ambayo ni siku ya mwisho wa wiki ya kazi na kifua chake kimekwisha kupata nafuu. Atajibu "hapana", naye atakuwa amesema kweli. Swali sahihi ni "siku unayorudi kazini baada ya kupumzika". Tofauti ni ya maneno machache tu, lakini yaweza kumtoa mgonjwa katika orodha.

Sasa tuje kwenye neno mzio. Asili yake si ya hospitalini. Mzio ni chakula au kitu ambacho mtu au ukoo hujizuia nacho, na ndugu yake katika Kiganda ni omuziro. Wasanifu waliolichukua ili litaje hali ya mwili kukikataa kitu kisichowadhuru watu wengine walifanya kazi njema, kwa kuwa dhana ya kukataa imo ndani ya neno lenyewe. Mwaka 1967, mwaka ule ule ambao sheria iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, kingamwili inayohusika na mzio, imunoglobulini E, ilikuwa ikibainishwa na akina Ishizaka huko Marekani, na Johansson na Bennich huko Uswidi. Kingamwili hiyo ni protini inayotolewa na seli fulani za kinga, ikaenda kujishika juu ya seli nyingine ziitwazo seli masti. (Jina hili alilitoa Mjerumani Paul Ehrlich mwaka 1878, akidhani kuwa seli hizo zimenoneshwa kama mifugo. Mfasiri akipitia Kiingereza peke yake atatuletea "seli mlingoti", nasi tutacheka.) Vumbi likizigusa kingamwili hizo, seli masti hupasua vifuko vyake kwa dakika chache, histamini ikamwagika, misuli ya njia ya hewa ikajikaza. Mwaka 2008 ilichapishwa taarifa kwamba kingamwili za namna hii zilionekana kwa wingi katika damu ya wachakataji wa mkonge nchini. Kuwa nazo si lazima kuwa mgonjwa, lakini ni ishara kwamba mwili umekwisha kulitambua vumbi hilo.

Njia ya pili haihitaji mzio. Vumbi la mimea hubeba sumu za bakteria. Seli zilazo takataka mapafuni zikizikuta, hutoa protini za kuitana, na chembe nyeupe huitikia kwa wingi. Baadhi ya protini hizo zilipewa jina interleukini mwaka 1979, yaani "baina ya chembe nyeupe". Kuna pia interleukini zinazotokana na njia ile ya mzio, kama ile ya 5 inayozikuza chembe ziitwazo eosinofili. Mwito ukirudiwa kila siku, njia ya hewa huwa nyekundu, hunenepa na kujaa makohozi.

Hali hiyo tuiiteje? Wengi huandika "uvimbe". Neno hili silipendi hapa, kwa sababu uvimbe ni pia kinundu cha saratani. Mwambie mgonjwa ana uvimbe mapafuni, naye atakwenda kuaga jamaa zake. Mchochota ni bora. Kuchochota ni kuuma kwa mwasho, na ndivyo mfanyakazi wa brashi anavyohisi.

Limebaki jina la maradhi yenyewe. Zahanati ikiandika "mafua" au "pumu", chanzo hufichika. Na tangu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uanze kazi mwaka 2015, chanzo ndicho mdai anachotakiwa kukionyesha. Bisinosisi halimwambii kitu mwenye kifua hicho. Mimi napendekeza kifua cha singa, kwa kufuata njia ya kifua kikuu. Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba majina hayo mawili yatachanganywa na mfanyakazi atatengwa na wenzake kwa hofu ya kuambukizwa. Pingamizi hilo ni zito. Hata hivyo anayekohoa majuma kadhaa hupimwa makohozi kwanza, liwe jina lolote, na kifua cha singa kitaandikwa baada ya kifua kikuu kuondolewa, pamoja na jina la kazi na miaka aliyokaa kwenye brashi.