Kundi Linganishi: Ndugu wa Tumbo Moja Ndiye Shahidi

Mukuyuni ni jina la Kikamba lenye maana ya penye mkuyu. Tuseme katika boma moja huko, kaunti ya Makueni, yuko mbwa aliyetimiza miaka kumi na miwili, na mwenyewe anasifu unga wa dawa anaomtilia kwenye ugali. Mbwa yupo, umri upo, unga upo. Ushahidi haupo, kwa kuwa hatujui mbwa huyo angeishi miaka mingapi bila unga.

Swali hilo hujibiwa na kundi linganishi: wanyama wanaofanana kwa kila hali na wale wanaopewa dawa, ila wao hawapewi. Wako wanaoliita kundi dhibiti, nami nalikataa jina hilo. Kudhibiti ni kushika kwa nguvu, kama polisi wanavyodhibiti ghasia. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hivyo lina asili ya Kifaransa cha kale, contre-rolle, yaani daftari la pili lililotunzwa ili kuhakiki hesabu za daftari la kwanza. Tangu asili, kazi yake ni kulinganisha.

Kulinganisha nako kuna masharti. Utafiti uliofanywa wilayani Machakos na kuchapishwa mwaka 2001 ulikadiria kuwa mbwa dume akizaliwa hutarajiwa kuishi miaka 3.5, na jike miaka 2.4. Ukiwalinganisha hao na mbwa wa unga, dawa yoyote itang'ara. Lakini anayenunua unga huo huenda ndiye pia anayemchanja mbwa wake, anayempa dawa ya minyoo na kumlisha akashiba. Miaka imeongezwa na kipi? Ndiyo maana watafiti hupiga kura ya bahati nasibu kuamua nani apewe dawa.

Mfano mzuri ulichapishwa Marekani mwaka 2002. Mbwa 48 aina ya Labrador waligawanywa jozi 24 tangu udogoni, kila jozi ndugu wa tumbo moja. Mmoja alilishwa chakula kilichopungua kwa robo kuliko cha mwenzake maisha yake yote. Walioshiba, nusu yao walikuwa wamekufa kufikia miaka 11.2, waliopunguziwa, miaka 13. Leo kampuni ya Loyal inajaribu kidonge cha kurefusha maisha, LOY-002, kwa mbwa wazee wapatao 1,300. Baadhi hupewa kidonge kisicho na dawa, na si mwenye mbwa wala daktari ajuaye nani kapewa kipi.

Kinga iliyopita mtihani huo ipo: chanjo ya kichaa cha mbwa. Kitui na Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizotangulizwa katika mpango wa Kenya wa mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Chanjo hiyo ilipimwa kwa kulinganisha mbwa waliochanjwa na wasiochanjwa, ikathibitika. Mchanje mbwa wako. Na muuzaji akikuletea dawa ya kumrefushia maisha, muulize kwanza: kundi linganishi liko wapi?