Nani Alibaki na Picha?



Juma hili naomba tutazame jambo dogo ambalo vitabu vyetu vya historia hulipita kimya: zile picha zilizomo katika masanduku ya bati ya wazazi wetu, Shinyanga, Kahama hata Geita. Nyingi hazikupigwa studio. Zilipigwa na mtu aliyefika kwa baiskeli siku ya mnada, siku ya ndoa au ya Komunyo ya kwanza, akaondoka na filamu yake, akarudi baada ya majuma kadhaa na bahasha mkononi.

Kazi hiyo ya kuzunguka na kamera ina umri mkubwa. Agosti 1839, mjini Paris, ulitangazwa hadharani ufundi wa Louis Daguerre. Bamba la shaba lililopakwa fedha lilisuguliwa hadi liking'aa kama kioo, likafukizwa kwa iodini ili lipokee mwanga. Lilipotoka katika kamera lilifukizwa tena kwa mvuke wa zebaki, ndipo sura ikajitokeza. Ni zebaki ileile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huikamatia dhahabu, na hatari ya mvuke wake ni ileile.

Huko Marekani, katika miaka ya 1840 na 1850, mafundi wa picha hizo walizunguka miji midogo kwa magari ya farasi. Walikodi chumba, wakatangaza gazetini kwamba watakaa siku chache tu, wakangoja wateja. Mkulima aliketi kimya, kichwa kimeshikiliwa kwa chuma nyuma kisitikisike, akalipa, akaenda zake na picha. Hakukuwa na negativu. Bamba lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa mali ya mwenye sura. Wazazi wengi walimwita fundi mtoto akiwa amekwisha kufa, kwa sababu hawakuwa na sura yake nyingine yoyote.

Mmoja wa mafundi hao alikuwa Augustus Washington, mtu mweusi ambaye baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Alijifunza picha ili apate karo ya chuo, akafungua studio katika mji wa Hartford, na mwaka 1853 akahamia Liberia. Huko aliwapiga picha viongozi wa jamhuri ile changa, kisha naye akaingia bungeni. Namtaja kwa sababu ni nadra, katika karne ile, kumkuta mtu mweusi akiwa nyuma ya kamera badala ya kuwa mbele yake tu.

Kwetu mambo yalianza kwa namna nyingine. James Grant, aliyesafiri pamoja na Speke, alipiga picha Zanzibar mwaka 1860. Lakini kazi ya dawa ndani ya hema lenye joto kali ilimshinda, akaiacha, akachora kwa mkono. Kwa hiyo walipopita Unyamwezi na Uzinza mwaka 1861, watu wa huku walichorwa kwa kalamu. Baadaye wakaja wamisionari, waliofungua Bukumbi mwaka 1883 na Ushirombo mwaka 1891, na baadaye tena mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin, aliyezunguka koloni hili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hivyo. Picha zao ni nyingi, na nyingine ni nzuri sana. Sina nia ya kuwalaumu waliotutangulia. Bila wao tusingekuwa hata na kivuli cha wakati ule. Lakini picha hizo zilikwenda Ulaya, kwenye majarida ya misheni na nyumba za kumbukumbu, na mara nyingi chini yake limeandikwa kabila, au kazi, si jina. Aliyepigwa hakubaki na kitu.

Hapo ndipo ninapomheshimu yule mtu wa baiskeli. Zilipozuka rashi za dhahabu katika miaka ya 1980 na 1990, alifuata wachimbaji kama alivyofuata minada. Kijana aliyetoka kwenye duara akiwa amepata alinawa, akavaa shati jipya, akasimama kando ya redio kubwa, pengine ya kuazima, ili mama yake nyumbani aone kwamba mambo si mabaya. Alitoa kianzio, na jina lake likaandikwa katika daftari. Filamu ya picha 36 haikupelekwa kusafishwa mjini mpaka ijae. Mmarekani yule wa mwaka 1845 aliondoka na sura yake siku hiyohiyo. Mchimbaji wetu alilazimika kuamini.

Na kuamini huko kulikuwa na hasara pande zote mbili. Wako mafundi walioondoka na vianzio wasionekane tena. Wako pia waliorudi na bahasha wakakuta kambi imehama, au wakaambiwa kwamba duara limeporomoka na kijana hayupo. Mara nyingine ndugu walimtafuta mpiga picha kijiji kwa kijiji, ili ile picha ya shati jipya ikuzwe na kutangulia mbele ya jeneza.

Kwenye masanduku yetu, upande wa nyuma wa picha nyingi hauna maandishi. Bibi bado anajua aliyesimama kushoto ni nani, wajukuu hawajui. Penseli laini inatosha kuandika jina, maana kalamu ya wino huweza kupenya hadi upande wa mbele.

Simu zilipoenea, kazi ya filamu ilikwisha upesi, na sehemu nyingi za kusafishia picha zikafungwa. Baadhi ya wazee wa kazi ile bado wanazo negativu ndani ya maboksi ya viatu, pamoja na bahasha za wale ambao hawakurudi kuchukua.