Imetengenezwa China, Isiuzwe China

Mwaka 2005 kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda nyuma ya runinga nne, Ngamiani, Tanga, nikihesabu mechi. Tajiri yangu alikuwa na PlayStation 2 nne, zote zimewekewa chipu ili zisome diski za kunakili. Mechi moja ya Winning Eleven ilikuwa shilingi mia, aliyefungwa anainuka, mshindi anabaki. Pedi zilikufa kila wiki, hasa kitufe cha mraba, maana ndicho cha kupigia shuti. Na kwa kuwa fundi nilikuwa mimi mwenyewe na bisibisi yangu, hakuna aliyezipindua mashine zile mara nyingi kama mimi. Chini ya tumbo lake palikuwa na maandishi madogo: imetengenezwa China.

Serikali haikutusumbua. Filamu zilikuwa na bodi yake ya kuzikagua, lakini diski zetu hakuna aliyezitazama. Aliyekuja ni mjumbe wa nyumba kumi, mara mbili. Mara ya kwanza alituagiza tusiingize wenye sare za shule kabla ya saa tisa alasiri. Mara ya pili alikuja kumtoa mwanawe.

Nisichokijua wakati ule ni kwamba huko mashine zilikotoka, Mchina mwenyewe alikuwa haruhusiwi kuuziwa mashine za aina hiyo. Nililijua hilo miaka minne baadaye, niliposafiri kwenda Guangzhou kufuata mzigo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia habari hii kama mtu anayefuatilia ukoo wake.

Ilianza na gazeti. Mei 2000, Guangming Daily, gazeti la Beijing linalosomwa na wasomi, lilichapisha makala ndefu juu ya watoto na vyumba vya gemu, likaziita gemu hizo heroini ya kielektroniki. Jina hilo lilishika. Kwa Mchina, dawa ya kulevya iliyoingizwa na mgeni ina kidonda chake cha karne nzima, tangu Vita vya Kasumba. Mwezi uliofuata, wizara na taasisi saba, ya Utamaduni ikiwa mbele na forodha na polisi zikiwemo, zilitoa waraka wa pamoja: kumbi mpya za mashine za gemu zisifunguliwe, zilizopo zisipokee watoto isipokuwa siku za sikukuu za taifa, na mashine za gemu pamoja na vipuri vyake visitengenezwe wala kuuzwa kwa soko la ndani.

Kwa soko la ndani. Maneno hayo ndiyo yaliyotulisha sisi Ngamiani. Kiwanda kinachounganisha mashine kwa ajili ya nje kiliachwa kiendelee usiku na mchana. Mtoto wa yule fundi aliyeifunga skrubu ndiye aliyetakiwa asiiguse.

Sisemi wazazi wa China walikuwa wajinga. Nimekaa kwenye kigoda kile. Nimewaona watoto wakilipa kwa noti ya ada, nikaipokea. Tena wazazi wale walikuwa wameshadanganywa mara moja. Miaka ya tisini ilipita mashine iitwayo Xiaobawang, yaani mbabe mdogo, kutoka Zhongshan katika jimbo la Guangdong. Ilikuwa nakala ya mashine ya Nintendo, ila imeundwa ndani ya kibodi na kutangazwa kama chombo cha masomo. Jackie Chan mwenyewe aliifanyia tangazo. Baba ananunua ili mwanawe ajifunze kuchapa herufi. Baba akitoka, kaseti ya masomo inachomolewa. Kwetu ilikuwa “naenda tuisheni”. Mkuu wa kiwanda hicho, Duan Yongping, aliondoka mwaka 1995 akaanzisha kampuni yake, na katika mbegu hiyo ndimo zilimoota Oppo na Vivo. Siku hizi ninauza kava za simu hizo, kwa hiyo naweza kusema mbabe mdogo bado ananilipa.

Waraka wa 2000 ulikuwa na tundu kubwa: haukugusa kompyuta. Watoto wakahama kutoka kumbi za mashine kwenda intaneti kafe, na humo wakakutana na jambo baya zaidi. Usiku wa Juni 16, 2002, kafe iitwayo Lanjisu, mtaa wa vyuo vikuu wa Haidian jijini Beijing, iliungua. Madirisha yalikuwa na nondo, mlango umefungwa. Watu 25 walikufa, wengi wao wanafunzi. Moto uliwashwa na vijana wadogo waliokuwa wamegombana na wahudumu na kukataliwa kuingia. Meya alifunga kafe zote za jiji kwa muda, na Novemba mwaka huo ikawa sheria ya nchi nzima: chini ya miaka 18 haingii. Nikisoma habari hiyo huwa nakumbuka chumba chetu, mlango mmoja na pazia, na waya za umeme nilizoziunga kwa selotepu.

Katika kafe hizohizo ndimo utajiri ulimozaliwa. Kampuni ya Shanda ya Shanghai ilileta gemu ya Kikorea mwaka 2001, ya kuchezwa na maelfu kwa pamoja mtandaoni, ikauza muda wa kucheza kwa kadi. Mwaka 2004 hisa zake zilikuwa zinauzwa soko la Nasdaq, Marekani. Mashine ya Mjapani ilifungiwa mlango, na nyuma ya mlango huo Mchina akakua bila mshindani. Kama lilikusudiwa ama lilitokea tu, kila mtu ana jibu lake. Sony walijaribu kupenyeza PlayStation 2 kwa ruhusa maalumu mapema 2004, Nintendo walikuwa wametangulia kwa kupitia kampuni ya ubia iliyoficha mashine nzima ndani ya pedi. Zote hazikwenda mbali.

Si kwamba walioitaka PlayStation waliikosa. Mwaka 2009, Guangzhou, yule mama niliyekuwa nikinunua kwake pedi na nyaya hakuiweka kwenye rafu. Aliitoa chini ya meza, kwenye mfuko mweusi. Imetoka Hong Kong. Wao huita bidhaa hizo shuihuo, mali ya maji. Nikamweleza kwamba sisi husema imepita njia za panya. Alicheka, na nyuma ya duka mwanawe hakuinua kichwa, alikuwa anapiga penati.

Kuna upande mwingine ambao haukuhusu mashine, bali kilichomo ndani yake, na hapa ndipo karani anapoingia. China huihesabu gemu kuwa chapisho. Hupewa namba ya ISBN kama kitabu, na bila namba ya kibali haiuzwi. Kwa hiyo lazima kuwe na mtu mezani anayeisoma gemu kama muswada. Hearts of Iron ilipigwa marufuku mwaka 2004 kwa sababu ramani yake ilionyesha Manchuria, Tibet na Xinjiang kuwa nchi zinazojitegemea. World of Warcraft ilikuwa na wafu wanaotembea, mifupa mitupu. Mwaka 2007 kampuni iliyoiendesha huko China ikaivika mifupa ile nyama, na mchezaji akifa, badala ya kuacha mifupa yake chini, akaachiwa kaburi dogo nadhifu.

Gemu hiyohiyo ilizigombanisha ofisi mbili. Ilipohamia kampuni ya NetEase mwaka 2009, mamlaka ya uchapishaji ilirudisha maombi ya kibali Novemba 2 na kuagiza wateja wasitozwe. Wizara ya Utamaduni ikajibu hadharani kwamba wenzao wamevuka mipaka yao. Kila mmoja alidai muhuri ni wake. Toleo la gemu hiyo lililotoka kwingineko duniani mwaka 2008 liliwafikia Wachina Agosti 2010.

Marufuku ya mashine ililegezwa mwaka 2014 kupitia eneo huru la biashara la Shanghai, Xbox One ikauzwa Septemba mwaka huo, PlayStation 4 Machi 2015, na Julai marufuku yenyewe ikaondolewa nchi nzima. Nilitarajia yule mama afurahi. Hakujali. Dunia ilikuwa imeshahamia kwenye simu, na tangu Julai 2016 gemu za simu nazo zikatakiwa kuwa na namba ya kibali.

Kisha namba zenyewe zikakauka. Machi 2018 serikali ilipanga upya ofisi zake, uchapishaji ukawekwa chini ya Idara ya Propaganda ya Chama, na kwa miezi tisa hakuna gemu mpya iliyopata kibali mpaka kundi la kwanza la gemu 80 lilipotangazwa mwishoni mwa Desemba. Watu wa kampuni ya Tencent walikuwa na PUBG, gemu ya simu, inachezwa na mamilioni, lakini bila kibali hawakuweza kutoza hata senti. Mei 2019 wakaifunga na kufungua nyingine iliyofanana nayo kama pacha, iliyopata kibali: humo ukimpiga mtu risasi hafi. Anapiga magoti, anaweka chini sanduku la vitu vyake, anakupungia mkono, anatoweka. Katika yote niliyokusanya, hili ndilo ninalolipenda. Nani alilibuni? Naamini aliketi usiku, amechoka, akacheka peke yake.

Agosti 2021 gazeti lililo chini ya shirika la habari la Xinhua likaziita gemu kasumba ya roho, miaka 21 baada ya heroini. Mwisho wa mwezi ukatoka waraka: aliye chini ya miaka 18 atacheza gemu za mtandaoni Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, saa mbili hadi saa tatu usiku. Saa moja tu, kwa kitambulisho cha kweli. Nilimkumbuka mjumbe wetu. Yeye alitaka tu sare zisionekane mapema.

Nilimwandikia mama wa Guangzhou kumuuliza. Yule mwanawe wa penati sasa ni baba, na mjukuu ana miaka tisa. Akanitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake mafuta yanachacharika kwenye kikaango. Gemu ya mjukuu imesajiliwa kwa kitambulisho chake yeye, alisema, na simu ikishituka ikataka kuona uso wa mwenye akaunti, mtoto humwita. Anapunguza moto, anafuta mikono, anaikazia macho kamera mpaka ikubali, anarudi kukaanga.