Kisu cha Babu na Nyangumi wa Albany

Wasee, Desemba nilikuwa Australia. Si kuhamia, tulieni. Binamu yangu anasomea uuguzi Perth na kwa miaka mitatu amekuwa akiniambia "kuja basi", hadi nikachanga pesa ya tiketi. Alikuwa amepanga anipeleke ufuoni na madukani. Mimi nikamwambia nataka kuona mahali walikuwa wanachinja nyangumi. Alinitazama vile mathee hunitazama nikisema historia ni kazi.

Lakini nilikuwa na sababu yangu, na hiyo sababu imenizidi umri. Nitaifikia.

Albany iko chini kabisa kusini, kilomita 400 hivi kutoka Perth. Ni kama kutoka Nairobi ukaishie karibu na Mariakani, ila hakuna malori na hakuna mtu wa kukuuzia vitunguu dirishani. Kituo chenyewe kiko nje ya mji, Frenchman Bay, kwa maji ya buluu mpaka unashuku mtu ameyapaka rangi. Kampuni ya Cheynes Beach ilianza kazi hapo mwaka 1952 na ikaacha 1978. Hicho ndicho kilikuwa kituo cha mwisho cha kuvua nyangumi Australia nzima. Kilipofungwa hawakukibomoa. Mwaka 1980 kilifunguliwa tena, safari hii kama makavazi, na vitu viko palepale vilipoachwa: mashine, winchi, matangi ya mafuta. Hata meli moja ya kuwinda, Cheynes IV, imekalishwa nchi kavu. Unapanda ngazi, unapita chumba cha injini, unatembea hadi mbele kabisa kwenye mzinga wa chusa.

Sasa, chusa. Kwetu Pwani chusa ni kitu mvuvi anashika mkononi. Anamwona samaki, anapima, anarusha. Hii ya Albany inatoka kwa mzinga wenye mdomo wa milimita 90, kichwani ina bomu linalolipuka sekunde chache baada ya kuingia mwilini. Niliweka mkono juu ya huo mzinga nikajaribu kuhisi kitu. Ukweli? Nilihisi chuma baridi. Hisia zilikuja baadaye, na hazikutoka kwa mzinga.

Kazi ilikuwa hivi. Asubuhi ndege ndogo inaruka kutafuta nyangumi, rubani anaambia meli kwa redio ziko wapi. Meli zinafukuza, zikitumia chombo cha kusikiliza chini ya maji, kwa sababu nyangumi akizama anaweza kukaa huko chini karibu saa nzima. Akishapigwa anajazwa hewa kwa bomba ili aelee, anachomekwa bendera, meli inaendelea na mwingine. Jioni wote wanafungwa kando ya meli na kukokotwa nyumbani. Papa wanafuata damu hadi kituoni. Miaka ya kwanza kampuni ilivua nyangumi wa nundu. Mwaka 1963 hao wakapigwa marufuku kwa sababu walikuwa karibu kuisha, ikabaki yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba. Mtaniruhusu nimwite kichwa-kubwa. Miaka ya kilele kampuni ilikuwa inashusha kama 1,000 kwa mwaka.

Huyo kichwa-kubwa si mgeni kwetu, ni vile tu hatujui. Ambari inatoka tumboni mwake. Ambari ile ile ambayo karne ya kumi al-Masudi, msafiri wa Baghdad, aliandika kwamba inapatikana pwani ya Wazenji, yaani huku kwetu. Wazee wa Pwani waliiokota ufuoni, wakaiuza kwa wafanyabiashara wa manukato. Tofauti ni kwamba waliokota. Walingoja bahari iwape.

Tukashuka tukaenda kwenye uwanja wa kuchunia. Ni sakafu pana ya mbao, inapanda polepole kutoka majini. Nyangumi alivutwa hapo kwa winchi, watu wakamzunguka na visu vyenye mipini mirefu, vimepinda kama fimbo ya hoki. Walichana shahamu kwa mistari, winchi ikaibandua kama unavyomenya ndizi. Kichwa kilikatwa na msumeno wa mvuke. Vipande vilisukumwa kwenye mashimo sakafuni, vikaanguka ndani ya matangi ya kuchemshia chini yake. Mafuta yalienda kulainisha mashine na giaboksi, kutengeneza ngozi, hata vipodozi. Nyama na mifupa vilisagwa vikawa chakula cha mifugo.

Na harufu. Watu wa Albany walijua siku ya kazi kwa pua. Siku hizi pale kunanuka chumvi na kahawa, na hicho ndicho kitu kimoja makavazi yoyote hayawezi kukuhifadhia.

Nilikuwa nasoma maelezo ukutani nikaona kisu. Si kile kirefu. Kilikuwa kidogo, cha mkono, ulimi umenolewa miaka mingi hadi umebaki mwembamba katikati kama mwezi mchanga. Nilisimama hapo hadi binamu akaniuliza kama niko sawa. Kisu kama hicho kiko kwetu Makindu, ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha susu.

Babu yangu alikuwa mchunaji. Miaka ya 60 na 70 alifanya kazi na wawindaji wa kizungu waliokuja Kenya na leseni za serikali kuua simba, nyati, tandala. Mzungu anapiga risasi, anapigwa picha, anaenda kuoga. Babu ndiye anabaki na mnyama. Anapasua, anachuna bila kutoboa, anazunguka macho na midomo polepole kwa ncha ya kisu, anageuza masikio ndani nje, anapaka chumvi kilo kwa kilo, anaanika kivulini. Ukikosea kwenye jicho, ngozi imeharibika na mzungu halipi. Walisema babu hakuwahi kutoboa hata moja.

Halafu Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji wote. Mwaka uliofuata ikafunga na biashara ya ngozi na nyara. Ujuzi wake ukaisha thamani kwa tangazo moja. Alirudi nyumbani akafuga mbuzi, akawa yule mzee mnayemwita kuchinja harusini. Alifariki 2009. Kwa mazishi tuliambiwa alikuwa "mkulima na mzee wa kanisa". Hakuna aliyesema neno mchunaji.

Kuna picha. Babu na wenzake watatu, apron zimejaa damu, nyuma yao ngozi zimetandazwa kwa kamba kama nguo za jumapili. Miaka miwili iliyopita nilitaka kuiweka hapa. Mzee wangu alikataa katakata. "Watu watamwita jangili," akasema. "Na wewe utakuwa mtoto wa jangili." Nikabishana, nikanyamaza. Kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa na aibu. Nimekulia Nairobi ya kuvaa fulana ya kuokoa ndovu, nimeonyeshwa shuleni ile video ya Rais Moi akichoma pembe mwaka 1989. Ungeniuliza babu yako alifanya nini, ningesema mkulima.

Sasa angalia tarehe. Mwaka ule ule babu alipofutwa, 1977, wanaharakati wa Greenpeace walifika Albany na motaboti za mpira. Walitoka hadi baharini kabisa, wakajiweka katikati ya chusa na nyangumi. Wenyeji wengi wa mji hawakufurahia. Ukifikiria, watu wametoka mbali kukuambia kazi iliyokulisha ni dhambi, na jioni watarudi kwao. Kelele zikafika kwa uchaguzi, waziri mkuu Malcolm Fraser akaahidi tume ya uchunguzi, na tume ikaundwa 1978 chini ya jaji Sydney Frost.

Hapa ndio hadithi tunayoipenda inaharibika. Tungetaka iwe kwamba dhamiri ilishinda. Kumbe kampuni ilitangaza itafunga Julai 1978, kabla tume haijamaliza kazi. Marekani ilikuwa imeshafunga mlango kwa mafuta ya nyangumi tangu mwanzo wa miaka ya 70, bei ya dizeli ya meli ilikuwa imepanda, viwandani kulikuwa na mafuta mbadala. Hesabu zilikataa. Tarehe 21 Novemba 1978 kazi ikakoma. Watu kama 100 wakaenda nyumbani. Tume ikaja kusema uvuvi uachwe, serikali ikakubali, sheria ya kulinda nyangumi ikapita 1980. Sisemi wanaharakati hawakufanya kitu, bila wao huenda kampuni ingejikokota miaka mingine. Lakini wale wa visu hawakuulizwa na yeyote. Si na mwenye kampuni, si na mwenye motaboti.

Usinielewe vibaya. Nyangumi walikuwa wanaisha kweli, na kufunga kulisaidia. Nyangumi wa nundu wamerudi kwa wingi, na mwaka 2022 Australia iliwatoa kwenye orodha ya walio hatarini. Hata sisi tunawaona: nenda Watamu kati ya Julai na Septemba, utaona mgongo ukipasua maji, ingawa hao wetu ni ukoo mwingine unaotoka kusini kuja kuzaa. Mwaka 1979 Shelisheli, nchi ndogo kuliko mitaa mingine ya Nairobi kwa idadi ya watu, ilisimama mbele ya tume ya kimataifa ya nyangumi ikaomba Bahari ya Hindi iwe hifadhi yao. Na ikakubaliwa. Mbona hatufundishwi hiyo shuleni?

Ila kichwa-kubwa wa Albany hajarudi. Mwaka 2009 watafiti walipanda ndege wakafuata kadiri walivyoweza njia zile zile za rubani wa kampuni, wakihesabu madume. Waliona wachache kuliko walioonekana miaka ile ya 1968 hadi 1978, wakati bado waliuawa. Zaidi ya miaka 30 ya amani na bado. Ndovu wetu pia. Babu na wazungu wake wenye leseni waliacha 1977, lakini ujangili haukuacha: tulikuwa na zaidi ya ndovu 160,000 mapema miaka ya 70, kufikia 1989 wamebaki kama 16,000. Kwa hivyo sitasema babu ndiye alimaliza wanyama. Wala sitasema alikuwa malaika. Zile ngozi kwenye kamba zilikuwa na wenyewe.

Kitu kilichonishika Albany ni kwamba pale wanasema yote mawili kwa sauti moja. Kwenye kuta kuna wanaume wamesimama kwenye damu hadi viatuni wakicheka na kamera, na hakuna aliyewafuta uso. Unaambiwa walifanya nini na waliua wangapi. Pia unaambiwa kazi ilikuwa ngumu, ya baridi, ya kunuka, na kwamba walijua kuifanya. Miaka ya nyuma baadhi yao walirudi kama waongozaji, wakawaonyesha watoto wa shule pale walipokuwa wakisimama. Kuna watu watasema huko ni kusafisha uchinjaji. Nimefikiria hilo, na sikubali. Ukiondoa wale watu kwenye picha, nyangumi anabaki ameuawa na "kampuni", na hakuna mtoto anayeogopa kuwa kampuni. Lakini yule kijana wa miaka 20 mwenye kisu, aliyekuwa anatafuta mshahara tu, huyo ninaweza kuwa mimi. Niliogopa hapo kuliko mbele ya mzinga.

Jioni nilimpigia mzee wangu kutoka kwa gari. Nikamweleza yote, hadi kile kisu.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hao watu, wameandikwa walikuwa wanaitwa nini? Majangili?"

"La. Wameandikwa kazi zao. Huyu mchunaji, huyu fundi wa boila, huyu nahodha."

"Wachunaji wameandikwa?"

"Wameandikwa, baba."

Akasema kuna usiku huko, nilale. Kumbe huko ndio kulikuwa mchana na kwetu usiku umeingia, lakini sikumrekebisha.

Siku tatu baadaye alinitumia picha kwa WhatsApp bila neno. Alikuwa amesafiri Makindu kuitoa kwa sanduku. Alipiga na upande wa nyuma pia. Sikuwahi kujua kwamba nyuma kuna maandishi, mwandiko wa babu kwa penseli: majina manne, mwezi na mwaka, Agosti 1974, na chini yake hesabu ya chumvi. Magunia sita.

Nikampigia kuuliza kama naweza kuiweka. Akasema, "Weka. Lakini andika vizuri."

Iko hapo chini. Babu ni wa pili kutoka kushoto, mwenye kisu. Mchunaji.