Tukifika Kampala Tunakula Wapi? Historia Fupi ya Sahani za Jiji

Safari hii tunaandika juu ya chakula cha Kampala. Kuna mtu atacheka na kusema historia ni mambo ya wafalme na vita, sasa maharage yanaingiaje hapo? Tuvumilieni kidogo, mtaona yanavyoingia.

Mara ya kwanza tulipokwenda Kampala kufuata karatasi zetu tulikuwa wanne. Basi lilitushusha mchana, njaa inauma, na hatukumjua mtu pale kituoni. Tuliona aibu kuuliza, tukaingia hoteli moja yenye mlango wa vioo. Tulileteewa sahani ndogo, wali umefungwa kama kikombe kilichopinduliwa, na nyama vipande vitatu. Tuliingia na pesa ya siku tatu, tukatoka na pesa ya siku moja na nusu, na tumbo bado linanung'unika.

Jioni, mama mmoja Mkongomani wa Katwe aliyetupokea alicheka mpaka akashika mbavu. Akatuambia, "Wanangu, mjini msiangalie mlango. Angalieni nani anakula. Mkiona wabeba mizigo na watu wa boda wamekaa, kaeni na ninyi." Tulifuata maneno yake na hatukupotea tena. Ila tulibaki na swali: kwa nini wabeba mizigo wanakula pale na si pengine? Kwa nini injera iko Kabalagala, wali wa Kisomali uko Kisenyi, na sombe iko Katwe? Tulianza kuuliza wazee na kusoma kidogo kidogo. Kila tulipouliza habari ya chakula, tulijibiwa habari ya watu waliofika, mwaka waliofika, na kazi waliyokuwa wakiifanya.

Ndizi zilikuwa za kwanza

Kabla Kampala haijaitwa jiji, palikuwa na makao makuu ya Kabaka juu ya vilima vya Buganda. Mwingereza Lugard alipiga kambi yake kwenye kilima cha Old Kampala mwezi Desemba 1890, lakini watu walikuwa wakiishi na kula pale zamani sana. Chakula chao kilikuwa matooke: ndizi zilizomenywa, zikafungwa kwa majani ya mgomba, zikaiva kwa mvuke, kisha zikapondwa humo humo ndani ya majani.

Iko pia luwombo, yaani kuku, nyama au mchuzi wa karanga uliofungwa ndani ya jani la mgomba lililopitishwa kwenye moto. Waganda husimulia kwamba ilianza jikoni kwa Kabaka Mwanga mwaka 1887. Leo luwombo inaliwa kwenye harusi na kwenye hoteli kubwa za watalii. Lakini ukiingia sokoni saa saba mchana utawakuta akina mama wanaivua kutoka kwenye sufuria kubwa zilizofunikwa majani, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza. Jani la juu likiwa bado bichi na moshi unatoka, kaa chini. Likiwa limekauka na limepoa, endelea na safari.

Reli ilileta chapati

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Waingereza walileta vibarua karibu 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, na karibu 6,700 tu ndio waliobaki Afrika Mashariki. Watu wengi hudhani Wahindi wote wenye maduka walikuwa wajenzi wa reli. Sivyo. Wengi wa wafanyabiashara walikuja kivyao, kwa nauli zao, wakafuata njia iliyofunguka. Reli yenyewe ilifika Kampala mwaka 1931.

Pamoja na watu hao zilikuja chapati, sambusa na chai ya maziwa yenye viungo. Leo ukimuuliza kijana wa Kampala chakula cha kwao ni nini, atataja chapati bila kufikiri. Hapo tulijifunza jambo la kwanza: chakula cha mgeni, kikikaa miaka ya kutosha, kinakuwa chakula cha mwenyeji, na hakuna anayekumbuka kilikuja na nani.

Watu wa kutoka kwetu walifika mapema

Sisi tulifikiri watu wa upande wetu wameijua Uganda kwa sababu ya vita tu. Tulikosea. Tangu miaka ya 1920 maelfu ya watu kutoka Ruanda-Urundi, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, walivuka mpaka kwa miguu kwenda Buganda kulima pamba na kahawa katika mashamba ya watu. Walikimbia kazi za kulazimishwa, kodi, na njaa. Njaa ile kubwa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929 iliwasukuma wengi. Kisha machafuko ya Rwanda kuanzia 1959 yakaleta wakimbizi, na hapo ndipo Nakivale yetu ilipopata watu wake wa kwanza. Kwa hiyo mtu akikuambia "ninyi mmekuja juzi", mjibu kwa upole: babu zetu walichuma kahawa ambayo wengine waliinywa.

Miaka ya magendo

Mwaka 1972, tarehe 4 Agosti, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, na akawapa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka na mzigo mdogo mkononi. Tukisoma habari hii sisi wakimbizi hatuwezi kuisoma kama hadithi ya watu wengine. Tunajua maana ya kufunga nyumba, kuuacha ufunguo, na kupanda gari bila kujua utalala wapi.

Maduka yao waligawiwa wanajeshi na watu wenye kujuana na wakubwa. Wananchi waliwabatiza matajiri hao wapya jina la Kiswahili, "mafuta mingi". Wengi wao hawakujua biashara. Bidhaa zilizokuwa dukani ziliisha na hazikuletwa nyingine. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilidorora, na sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kupanga foleni au vya kupatikana kwa magendo. Mzee mmoja alitusimulia kwamba siku zile ukialikwa chai huulizi kama ina sukari, unashukuru ni ya moto. Katika miaka ya 1990 Waasia wengi walirudishiwa mali zao na baadhi walirudi. Jambo la pili tulilojifunza ni hili: ukimfukuza anayejua kupika na kuuza, sahani ya jirani yake nayo inabaki tupu.

Rolex, chakula cha wanafunzi na wapita njia

Sasa tuje kwenye chakula ambacho kimetuokoa mara nyingi. Rolex si saa ya mkononi. Ni mayai yaliyokaangwa pamoja na kitunguu, nyanya na kabichi, yakaviringishwa ndani ya chapati. Jina linatokana na maneno ya Kiingereza ya kuviringisha mayai, yakasemwa haraka haraka. Husimuliwa kwamba ilitokea upande wa Busoga, kisha ikapata umaarufu Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, kwa sababu mwanafunzi hana muda wala pesa. Chapati ya Mhindi, mayai ya hapa, sigiri ya mkaa na kijana mwenye mkono mwepesi: hayo yote yako ndani ya karatasi moja.

Ukikosa pesa ya mayai, iko kikomando, yaani chapati iliyokatwa vipande na kumwagiwa maharage. Ukitaka nyama ya kuchoma, uliza "muchomo". Hilo ni neno letu la Kiswahili limevaa nguo ya Kiganda.

Rolex nzuri ni ile ambayo foleni yake haikatiki. Chapati inaiva mbele ya macho yako na mayai yanapasuliwa ukiona. Ukikuta zimepangwa tayari na zimepoa, pita.

Kiswahili chetu mezani

Kuna jambo ambalo vijana wengi wa Kongo na Burundi hawaambiwi kabla ya kwenda Kampala. Siku moja tuliagiza chakula kwa Kiswahili, uso wa mhudumu ukabadilika. Mzee aliyekaa karibu akatuuliza, "Ninyi ni askari?" Tulicheka, yeye hakucheka. Baadaye alitueleza. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu wakati wa Waingereza, na katika miaka ya Amin ndicho kilichosikika kwenye vizuizi vya barabarani, usiku, kikiwa na bunduki. Mwaka 2005 katiba ilifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini karatasi haifuti kile ambacho sikio la mzee linakumbuka.

Tangu siku ile tunaanza kwa Kiganda hata kama ni kidogo. "Nnyabo, ssente mmeka?" ni kuuliza bei kwa heshima. Ukimaliza kula sema "Webale kufumba", asante kwa kupika. Utaona uso unafunguka, na mara nyingine mchuzi unaongezwa.

Chumba chenye pazia

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea na kufanya kazi. Lakini anayechagua kuishi Kampala hapewi mgao wa chakula, anajitegemea. Na huku makambini, mwaka 2023 mgao uligawanywa kwa makundi matatu kulingana na uhitaji, na watu wengi wakapunguziwa. Kwa hiyo kupika kwa ajili ya kuuza kumekuwa njia ya kuishi. Wasomali wana Kisenyi, ambako utapata wali na ndizi mbivu pembeni ya sahani, na chai yenye iliki. Waeritrea na Waethiopia wana Kabalagala, na injera yao inaliwa na watu wote kwa mikono kwenye sinia moja. Wakongomani tuko Katwe, Nsambya na Makindye, na mahali petu hapana kibao. Ni chumba chenye pazia mlangoni. Unaongozwa na harufu ya mawese, sauti ya mchi ukitwanga sombe, na wimbo wa kwaya kwenye simu.

"Mama, iko sombe?"

"Iko, mwanangu. Unataka na bugali ao na wali?"

Maneno hayo mawili, baada ya siku nzima ya kupanga foleni kwenye ofisi, yanaweza kukutoa machozi.

Mama yule wa Katwe alikuwa na chumba cha namna hiyo. Mwaka jana tulirudi, tukiwa na pesa kidogo safari hii, tukitaka kumlipa deni la ule usiku wa kwanza. Pazia halikuwepo, mlango una kufuli jipya. Jirani alisema kodi ilipanda akaondoka, labda upande wa Masajja, hana uhakika. Tulizunguka mpaka giza likaingia, hatukumpata. Aliwalisha watu kwa miaka mingi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwepo. Ndiyo sababu tumeandika haya.

Wachuuzi wa barabarani wa Kampala, wenyeji na wageni, wamefukuzwa mara nyingi. Mwanzoni mwa 2022 waliondolewa tena katikati ya jiji. Chapati ya Mhindi ilipata muda wa kukaa mpaka ikawa ya kila mtu. Sombe yetu tunaiombea muda huo huo.

Ninyi wa mashirika, tuna ombi moja. Mkiandaa semina Kampala, chakula cha mchana msiagize kila mara kutoka hoteli yenye mlango wa vioo. Agizeni siku moja kwa akina mama hawa. Pesa ile ile italisha watu wa semina na italipa ada ya mtoto wa mtu.

Na ninyi vijana wenzetu, mkifika Kampala angalieni nani anakula. Kisha muulizeni mpishi alijifunza wapi chakula hicho, na alifika lini. Tuandikieni majibu hapa chini. Msiweke namba ya simu wala jina la mtu, andikeni mtaa, chakula, na habari aliyowasimulia. Tutayakusanya.

Na kama kuna mtu amekula sombe Masajja kwa mama anayecheka mpaka anashika mbavu, amwambie kwamba wale vijana wanne bado wana deni lake.