Mipangilio ileile, picha tofauti: kamera mbovu au taa?

Ukumbini, ISO 800, shata 1/500, hakuna kilichoguswa. Picha kumi zinapigwa mfululizo: tatu zinang'aa, nne zimefifia, zilizobaki zina unjano. Keki ya harusi hukatwa mara moja tu, kwa hiyo mpiga picha anarudi nyumbani na presha, kesho yake anapeleka kamera kwa fundi.

Mara nyingi kamera ni nzima. Taa ndizo zinazopepesa.

Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50. Kwa umeme huo, taa nyingi za tyubu na LED za bei rahisi huongeza na kupunguza mwanga mara 100 kila sekunde. Jicho halishtuki, ila kamera inaona. Mpepeso mmoja huchukua 1/100 ya sekunde, na shata ya 1/500 inadaka sehemu moja tu ya tano ya mpepeso huo. Picha moja ikidaka mwanga ukiwa juu na inayofuata ukiwa chini, haziwezi kufanana. Kwenye simu, tatizo hilohilo huonekana kama mistari ya giza inayokatiza picha.

Unataka uhakika? Rekodi balbu kwa video ya mwendo wa polepole. Ikipepesa, umeipata.

Shusha shata iwe 1/100 au 1/50 ili kila picha ipate mpepeso mzima. Hapo kuna gharama yake: anayecheza muziki atatoka na ukungu. Kwenye nchi za hezi 60, kama Marekani na Saudi Arabia, tumia 1/120 au 1/60. Taa za jukwaani zinaweza kuwa na kasi yao nyingine kabisa, hapo ni kujaribu tu mpaka zitulie. Baadhi ya kamera husubiri zenyewe mwanga ufike juu ndipo zipige. Canon iliweka uwezo huo kwenye EOS 7D Mark II mwaka 2014.

Kama unatumia flashi, angalia betri kwanza. Ukipiga kabla haijajaa tena, picha inayofuata itakuwa giza.

Lenzi nayo ina kesi yake. Toka nje kwenye jua lisilo na mawingu, piga picha kadhaa kwa f/2.8, kisha kadhaa kwa f/11, ukirekebisha shata. Za f/2.8 zikilingana na za f/11 zikipishana, vile vibamba vidogo vinavyobana mwanga ndani ya lenzi vinakwama, pengine vina mafuta. Hapo ndipo fundi anastahili hela yako.

Wenye simu hawana haja ya jaribio hilo, kwani lenzi za simu nyingi hazibadilishi uwazi. Kwao, kinachobadilika ni ISO na shata zinazojipanga zenyewe. Ingia hali ya Pro, uzifunge zote mbili.