Ngazi ya dawa yafaa kiasi gani kutuliza maumivu ya saratani?

Mwaka wa 1986, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani, uliokuja kujulikana kama ngazi ya dawa.

Ngazi hiyo ina vidato vitatu. Mwenye maumivu madogo hupewa dawa kama paracetamoli, aspirini au ibuprofeni. Maumivu yakizidi, huongezewa dawa za kidato cha pili kama kodeini. Kidato cha tatu, cha maumivu makali, ni cha mofini.

Mwongozo ulisisitiza kwamba dawa imezwe badala ya kudungwa inapowezekana, na itolewe kwa saa maalumu, si kungoja mgonjwa alie. Mofini ya kawaida ya kumeza hutolewa kila baada ya saa 4.

Je, ngazi hiyo yafaa? Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka wa 1995 ulihusisha wagonjwa 2,118, na asilimia 76 ya vipimo vilionyesha nafuu nzuri. Hata hivyo, haukuwa na kundi jingine la kulinganisha.

Kidato cha pili ndicho chenye utata zaidi. Nchini Italia, utafiti wa mwaka wa 2016 ulilinganisha wagonjwa 240 wenye maumivu ya wastani. Waliopewa mofini kidogo tangu mwanzo walipata nafuu kwa asilimia 88, ilhali waliopewa dawa za kidato cha pili ni asilimia 55. Mwaka wa 2018, WHO ilieleza kwamba ngazi ni kielelezo tu. Dawa ya kuanzia ilingane na ukali wa maumivu.

Lakini ngazi isiyo na kidato cha juu haimfikishi mtu popote. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka wa 2010 ilionyesha kuwa ni hospitali chache tu za umma nchini Kenya zilizokuwa na mofini ya kumeza. Jirani zetu wa Uganda waliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuagiza dawa hiyo tangu mwaka wa 2004.

Wengi huiogopa mofini wakidhani ni dalili ya kifo. Ikitolewa kwa kipimo na uangalizi, haiharakishi kifo. Tatizo la kawaida ni kufunga choo, nalo huzuiwa kwa dawa. Mgonjwa asinyamaze, amweleze daktari ukali wa maumivu yake.